Kwenda Lyon kuuza kahawa: Kifaransa ni kimoja, desturi ni mbili



Koperative zetu zinatafuta wanunuzi wa kahawa na kakao huko Ulaya. Siku moja prezida wenu anaweza kuitwa Lyon, mji wa Ufaransa ambako mito Rhône na Saône inakutana, na ambako kunafanyika maonyesho makubwa ya chakula yanayoitwa Sirha. Sisi tunasema Kifaransa, ndiyo, lakini cha kwetu tulikipata kwa Wabelgiji. Mambo haya munapaswa kuyajua mbele ya safari.

Hesabu. Kwetu 70 ni septante, 90 ni nonante. Mfaransa anasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mnunuzi akisema gunia ni euro deux cent soixante-quinze, ni 275. Ukisikia haraka na kuandika 260, umepoteza euro 15 kwa kila gunia. Kontena ndogo inabeba magunia karibu 320 ya kilo 60: ni euro 4.800 za wanamemba. Kwa hiyo, andika bei kwenye karatasi, umwonyeshe, naye akubali kwanza.

Saa. Randevu ya 14 h ni saa nane mchana. Fika dakika tano mbele. Ukichelewa, piga simu. Usingoje kuomba radhi mlangoni.

Salamu. Anza na "Bonjour Madame" au "Bonjour Monsieur", hata dukani, hata ukiuliza njia tu. Kuuliza bila kusalimu ni kukosa heshima. Mkono unashikwa kwa kifupi, wakati wa kufika na wakati wa kuaga. Kugusana vichwa kama kwetu, hapana. Sema "vous" mpaka yeye mwenyewe akuambie "tu". Na habari za bibi na watoto, ambazo kwetu ni adabu kuuliza, kwao zinangoja mpaka mumezoeana.

Mezani. Chakula cha mchana kinaweza kuchukua saa mbili. Mkialikwa katika "bouchon", ndiyo hoteli ya chakula cha kienyeji cha Lyon, kuko nyama ya nguruwe na matumbo mengi. Usiyekula, sema mapema. Mkate unawekwa juu ya meza, pembeni ya sahani. Asiyekunywa divai aombe "une carafe d'eau", haina malipo. Biashara mwachie mwenyeji aifungue. Mara nyingi inakuja mwishoni, na kahawa.

Mabishano. Mnunuzi akisema "non" na kuuliza sana, si chuki. Anapima kama unajua mali yako. Mjibu kwa hesabu: unyevu wa kahawa, kimo cha mashamba, magunia yaliyo depoo. Usiahidi mzigo ambao hamuna.

Mwezi wa Agosti biro nyingi zinafungwa kwa likizo, musiombe randevu. Na mukisharudi hotelini, siku ileile, mwandikieni mnunuzi yale mliyopatana: bei, kilo, tarehe. Jibu lake lisomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.