Miti ya chunguni ya Korea ina funzo kwa tuliorudi

WENGI wakiona picha ya bunjae, yaani mti mdogo wa Kikorea ndani ya chungu kifupi, hudhani umetokana na mbegu maalumu ya miti mifupi, au umenyimwa chakula. Sivyo. Mbegu ni ileile ya msonobari mkubwa wa mlimani. Udogo wake ni kazi ya mikono. Mtunzaji hupogoa machipukizi, hukunja matawi kwa waya, na kila baada ya miaka michache huutoa mti chunguni, hupunguza mizizi na kubadilisha udongo. Mizizi minene ikikatwa, huota myembamba mingi, nayo ndiyo inayonyonya maji.

Asili ya sanaa hii ni China. Wajapani huiita bonsai. Huko Korea, katika karne ya 15, msomi Kang Hui-an aliandika kitabu kuhusu utunzaji wa maua na miti. Siku hizi bustani inayojulikana sana ipo kisiwa cha Jeju. Mkulima Seong Beom-yeong alianza kuitengeneza kwenye ardhi ya mawe mwaka 1968, akaifungulia wageni mwaka 1992.

Kuutazama mti huo kuna utaratibu wake. Anzia chini: je, mizizi imeshika udongo? Fuata shina, ambalo lapaswa kupungua unene kadiri linavyopanda. Kisha tazama matawi na nafasi kati yake. Chungu kisishindane na mti. Kovu la tawi lililokatwa si aibu. Ndilo linaloonyesha umri.

Sisi Warundi tunaijua lugha hiyo ya umri. Umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, ulipandwa kuwa ua wa rugo, na hata leo imivumu mikubwa huonyesha mahali walipoishi watu wa kale. Hupandwa kwa tawi: kata, chomeka ardhini wakati wa mvua, linashika.

Kwetu Muyinga, baba alipokimbia mwaka 1972 aliacha ua wa namna hiyo. Mimi nilizaliwa na kusomea Mishamo, Tanzania. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta familia nyingine shambani, na katika ua wote umebaki umuvumu mmoja. Wazee wa mlima waliutumia kuonyesha mpaka. Kesi iliisha kwa kugawana shamba, na mti ukaangukia upande wa jirani. Nilimwomba tawi. Alijibu, "Chukua hata mawili, mwalimu."

Ninafundisha Gitega, ninaishi nyumba ya kupanga, sina mahali pa kupanda. Kwa hiyo matawi yale yamo chunguni, nami nayapogoa kwa kufuata Wakorea. Miti ya jamii hii huvumilia sana kukatwa mizizi.

Anayetaka kujaribu anunue chungu cha mfinyanzi sokoni, akitoboe chini ili maji yasituame, akiweke penye jua, na amwagilie udongo unapoanza kukauka. Ndugu zangu mnaopita Kobero na mizigo, msivushe miche yenye udongo bila kibali cha maofisa wa kilimo, kwani magonjwa ya mimea husafiri nayo.

Tulio wengi bado tunangoja mashamba, au tumepata nusu. Tusingoje kupanda. Mti uliokatwa mizizi ukapewa udongo mpya na maji ya kila siku huishi miaka mingi, na siku kiwanja kikipatikana, utahamia ardhini.