MWALIMU WA KILIMO ATATOKA NYUMBANI MWAKO

Mkulima wa skimu akitaka ng'ombe mzuri wa maziwa, hangoji mpaka ng'ombe mzee afe. Huchagua ndama mapema, akamnywesha maziwa ya kutosha, akamkinga na kupe, kisha akangoja zaidi ya miaka miwili mpaka azae. Kila mkulima anajua jambo hilo. Lakini ni wangapi wanaofikiri hivyo juu ya mwalimu atakayewafundisha wajukuu wao kazi ya shamba? Mwalimu wa kilimo naye haokotwi njiani. Huchaguliwa angali mdogo, hulelewa, na huchukua miaka mingi kuliko ndama.

Mwezi huu tunataka kuzungumza na wakulima wa Njoro, Molo, Elburgon, Mau Narok, Bahati, Dundori, Subukia, Rongai na skimu nyinginezo za Bonde la Ufa juu ya walimu hawa: kwa nini wanahitajiwa sana sasa, kwa nini vijana hawaipendi kazi hiyo, na kila mzazi anaweza kufanya nini.

KILIMO KIMERUDI SKULI

Mwaka 1985, mpango wa masomo wa 8-4-4 ulipoanza, kila mtoto wa skuli ya msingi alifundishwa kilimo. Baadaye masomo yakabadilishwa, na tangu 2003 kilimo hakikuwa tena somo la peke yake katika skuli za msingi. Sehemu zake chache zilitiwa katika somo la sayansi. Katika sekondari lilikuwa somo la kuchagua, na anayelichagua alipaswa kulima au kufuga kwa mikono yake ili apate alama za mtihani.

Mpango mpya wa masomo ulioanza nchi nzima mwaka 2019 umekirudisha kilimo. Watoto hukianza katika skuli ya msingi, na tangu Januari 2023, madarasa ya kwanza ya sekondari msingi yalipofunguliwa, kila mwanafunzi wa gredi ya 7, 8 na 9 anapaswa kukisoma. Katika gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, mwanafunzi huchagua kama ataendelea nacho au ataacha.

Basi skuli ni nyingi, na kila moja inataka mtu wa kufundisha somo hili. Hapo ndipo penye taabu. Katika sekondari msingi nyingi walimu ni wachache kuliko masomo, na mwalimu aliyesomea somo jingine huambiwa ashike na kilimo pia. Hufanya awezavyo, lakini atafundisha vipi kukama ng'ombe ikiwa yeye mwenyewe hakufundishwa?

SHAMBA LA BABU SI SHAMBA LA MJUKUU

Mkulima mwingine atasema, "Mimi sikufundishwa kilimo na mwalimu, na nimekula." Maneno hayo ni kweli, lakini tufikiri kidogo.

Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, karibu jamaa 35,000 walipata mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Tuseme mzee mmoja alipata ekari 20 na akawa na wana watano. Kila mwana alirithi ekari 4. Kila mwana naye akipata watoto wanne, mjukuu anapata ekari 1 tu. Babu aliweza kukosea katika ekari mbili na bado akavuna ghala tele. Mjukuu mwenye ekari moja akikosea msimu mmoja, nyumba yake inalala njaa.

Tena maadui wa mjukuu ni wengine. Mwaka 2011 ugonjwa wa kufisha mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza nchini katika wilaya ya Bomet, kisha ukaenea. Mwaka 2017 viwavijeshi wageni waliotoka bara la Amerika waliingia mashamba ya Kenya. Na kutu ya shina ya ngano, ile iitwayo Ug99 kwa kuwa iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, iliwatia hofu wakuzaji wa ngano wa nchi nyingi hata mbegu zao zikaletwa hapa Njoro, katika kituo cha utafiti, zijaribiwe. Babu hakuwajua maadui hawa. Hawezi kumfundisha mjukuu jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona.

Zamani Bwana Shamba alipita skimu mara kwa mara. Tangu 2013 kazi ya ugani imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na ofisa mmoja huwa na wakulima wengi sana wa kuwatembelea. Lakini mwalimu humwona mtoto wa kila nyumba siku tano kwa juma. Akimfundisha mtoto vizuri, amefundisha na nyumba yake.

GILASI MOJA YA MAJI

Hapa tutatoa mfano mmoja ili mkulima aone tofauti ya mwalimu aliyefunzwa na asiyefunzwa.

Wakulima wa viazi wa Molo na Mau Narok wanaujua ugonjwa wa mnyauko. Mche huonekana mzima asubuhi, mchana majani yake yamelala, na siku si nyingi umekufa. Mwalimu asiyelijua somo ataandika jina la ugonjwa ubaoni, watoto walinakili, na kengele italia. Mwalimu aliyefunzwa atafanya hivi. Atawapeleka watoto shambani, akate kipande cha shina la mche ulionyauka, karibu na udongo, kisha akining'inize ndani ya gilasi ya maji safi yaliyotulia. Kama ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache watoto wataona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka kwenye shina.

Mtoto aliyeona jambo hilo halisahau. Jioni atamwambia baba yake: mche huu usiachwe shambani, mbegu isichaguliwe katika shamba hili, na hapa tusipande tena viazi, wala nyanya, biringanya au pilipili, bali tupande mahindi au ngano kwa misimu kadhaa, kisha tutafute mbegu safi. Fundisho hilo liligharimu gilasi moja ya maji, lakini laweza kuokoa mavuno ya nyumba nzima.

KAZI ILIYOANZIA NJORO

Sisi watu wa Nakuru tuna bahati, kwa maana mafunzo haya yako mlangoni petu. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa ekari 740 huko Njoro ili kijengwe chuo cha kilimo. Wakati huo kilikuwa cha vijana wa Kizungu tu. Mwaka 1955 kiliitwa Egerton Agricultural College, na mwaka 1958, mwaka aliofariki, mwenyewe aliongeza ekari 1,100. Baada ya hapo milango ilifunguliwa kwa vijana wa rangi zote. Wengi waliotoka huko wakawa maofisa wa kilimo na walimu katika sehemu nyingi za Kenya. Tangu 1987 chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Egerton, na hata leo kijana anaweza kusomea huko shahada ya elimu ya kilimo na ugani, yaani kufundisha darasani na kufundisha wakulima pia.

Inasikitisha kuona kijana wa Njoro akipita mbele ya lango hilo kila siku, na hakuna mtu aliyemwambia kuwa ndani yake mna kazi ya kumfaa.

KWA NINI VIJANA HAWAITAKI?

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Wakati wa ukoloni wazazi wengi wa Kiafrika walikataa watoto wao wafundishwe kilimo skuli. Hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu alifundishwa vitabu na mtoto wao akapewa jembe, na tena kwa miaka mingi baba yake huyo mtoto alizuiwa kupanda kahawa, na sehemu kubwa ya Nyanda za Juu ilikuwa ya Wazungu. Elimu ya kilimo bila ardhi na bila ruhusa ilikuwa na faida gani? Lakini sababu hiyo imekwisha. Mkulima wa leo ana ardhi, naye hupanda apendacho.

Sababu ya pili tunaifanya sisi wenyewe. Mtoto akichelewa skuli hupewa jembe. Akipiga kelele darasani hupewa jembe. Akirudi nyumbani baba humwambia, "Usiposoma utabaki hapa ulime kama mimi." Mtoto aliyesikia hivyo miaka kumi na miwili atapendaje kufundisha kilimo? Amekwisha kuamini kwamba shamba ni jela.

Sababu ya tatu ni fedha. Kijana humaliza chuo, kisha hungoja ajira kwa muda mrefu. Mwaka 2023 mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kodi ya nyumba, chakula na nauli vikitolewa, hubaki kidogo sana. Vijana wanaona jambo hili, na haifai kuwaficha. Malipo ya walimu ni kazi ya Serikali na Tume ya Huduma kwa Walimu. Lakini yako mambo mengine yaliyo katika uwezo wa mkulima.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Jembe lisiwe fimbo. Mtoto akikosa, tafuta adhabu nyingine. Wazazi walio katika halmashauri ya skuli waulize kama kulima bado ni adhabu huko, na kama ndivyo, waombe ikomeshwe.

2. Mpe mtoto sehemu yake. Hatua kumi kwa kumi zatosha, au kuku watano. Apande mwenyewe, aandike katika daftari gharama na mauzo, na faida iwe yake. Usimnyang'anye siku ya kuuza. Kama skuli ina klabu ya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, mruhusu aingie.

3. Mwangalie mtoto anayefundisha wenzake. Wako watoto wanaojua kulima lakini hawawezi kueleza. Yuko mwingine ambaye akijua jambo hawezi kunyamaza, humwonyesha ndugu yake mdogo mpaka ajue. Huyo ndiye mwalimu. Usitazame wavulana tu. Kazi nyingi za mashamba yetu hufanywa na akina mama, na binti aliyekua akikama na kupalilia ana mengi ya kufundisha.

4. Angalia masomo yake kabla hajachelewa. Mtoto wa gredi ya 9 akienda gredi ya 10, aulizwe kama anaendelea na kilimo, na afadhali pia biolojia, kwa maana walimu wengi wa kilimo hufundisha masomo hayo mawili. Wale wa mpango wa zamani, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE umepangwa kufanywa 2027, wajue kwamba anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari hutakiwa kupata C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mzazi asiyeelewa mambo haya asione haya. Amwendee mwalimu mkuu akamwulize.

MWALIMU AKIFIKA KWENU

Kupata mwalimu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfanya akae. Mwalimu kijana akipelekwa skimu ya mbali, akakosa nyumba na akakosa rafiki, huanza kuomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Watoto hubaki tena bila mtu.

Kwa hiyo mkulima mwenye chumba kizuri ampangishe kwa bei ya haki. Skuli yenye ardhi isiikodishe yote kwa wapanda mahindi. Robo ekari iachwe iwe ya masomo. Skuli isiyo na ardhi, mkulima jirani akubali darasa lije kwake siku moja waone josho, zizi au shimo la mboji. Na mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri kwa fedha za wazazi alipwe kwa wakati.

Jambo jingine ni kumfundisha mwalimu naye. Kijana aliyekulia pwani au kando ya ziwa hajui kwamba sakitu, yaani ile baridi kali ya alfajiri, yaweza kuunguza viazi vya bondeni huko Molo na kuviacha vya mlimani. Mkulima ajua. Mahindi ya skuli yakiharibika msimu wa kwanza, usimcheke sokoni. Mwendee umwambie wakati wa kupanda. Yeye atakuambia jina la ugonjwa, nawe utamwambia tabia ya mahali.

Nao walimu tunawaambia neno moja. Watoto si vibarua. Mwalimu akiwatumia kulima shamba lake mwenyewe, au mauzo ya bustani ya skuli yasipojulikana yalikokwenda, wazazi watalikataa somo zima, nao watakuwa na haki.

Serikali yaweza kumwajiri mwalimu wa kilimo, lakini haiwezi kumwajiri kijana ambaye hakuisomea kazi hiyo. Na kijana hataisomea ikiwa nyumbani husikia kila siku kwamba kilimo ni kazi ya aliyeshindwa. Basi, mkulima, kama una mtoto wa gredi ya 8 au ya 9, kaa naye jioni hii baada ya kukama. Muulize mwalimu amewafundisha nini juma hili katika kilimo. Mwambie akuonyeshe kwa mikono, shambani, nawe usimkatize.