Sarakasi Siku ya Sikukuu: Raha Zake na Adha Zake

Sikukuu ya Krismasi au ya Idi ikifika, ndugu walio mbali hurudi Rau na vijiji vingine vilivyo chini ya Mlima Kilimanjaro, na watoto hutaka kupelekwa Moshi mjini. Wakisikia kuwa kuna sarakasi, hakuna akubaliye kubaki nyumbani. Basi twataka kueleza mchezo huu ni kitu gani, ili mzazi ajue anachokilipia na anachokirudisha nyumbani.

Jina sarakasi latokana na neno la kale la Kilatini lenye maana ya duara. Mwaka 1768 mpanda farasi Philip Astley alianza kuonyesha michezo yake mjini London, farasi akikimbia kwa kuzunguka. Hapa Tanzania hatukuanza na farasi. Mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana China wakajifunze, nao waliporudi mwaka 1969 ndipo kilipoundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Ndiyo maana sarakasi yetu ni ya viungo vya mwili kuliko ya wanyama. Na Februari 2024 Watanzania wawili, Fadi Ramadhani na Ibrahim Jobu, walishinda mashindano ya vipaji huko Marekani, mmoja akisimama kichwa chini miguu juu, kichwa chake kimekaa juu ya kichwa cha mwenzake.

Raha ya kwanza ni kustaajabu. Raha ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kufahamu. Asiyejua hudhani kuna dawa. Hakuna dawa. Sahani juu ya kijiti haianguki kwa kuwa yazunguka kwa kasi, kama ilivyo pia ya watoto. Ikipunguza mwendo, huanza kuyumba. Apitaye juu ya kamba hushika mti mrefu, maana mti ule haugeuki upesi, nao humpa nafasi ya kujirudi kabla hajaanguka. Watu wapandanapo mabegani, wenye nguvu hukaa chini na mwepesi hukaa juu, na wa chini hutanua miguu ili msingi uwe mpana.

Adha nazo zipo. Watu husukumana mlangoni, mchezo huchelewa kuanza, na mtoto mdogo huona migongo ya watu tu. Yafaa kufika mapema, kukaa mbele, na kumshika mtoto mkono. Tena tuliwahi kuona kijana akiteleza kutoka mabegani mwa mwenzake, na baadhi ya watazamaji wakacheka. Kijana akainuka, akapanda tena, akasimama. Hapo hata waliocheka wakapiga makofi. Nasi twasema, amchekaye aangukaye hajajua bado alichokuja kutazama.

Lakini hatari kubwa huja baada ya onyesho, sikukuu imekwisha na wazee wamo katika mazungumzo. Watoto huenda nyuma ya migomba wakapandana mabegani, au wakajipindua kutoka juu ya ukuta. Vijana wale walikaa China miaka minne wakifundishwa. Mtoto wetu ataka kuipata kazi ile kwa jioni moja. Mkono ukivunjika huweza kuunga, lakini shingo ikiumia, mtu aweza kupooza au kufa.

Je, tuwakataze watoto kwenda? La. Tuwapeleke, na njiani tuwaeleze waliyoyaona. Mwenye kupenda aanze na kunyoosha viungo kila siku, kisha kubingirika juu ya majani laini, na mtu mzima akiwa karibu. Kupanda mabegani kungoje mwalimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika sarakasi kuinama huko ni kwa miaka mingi.