Taa za darini: ziba chini, juu paache papumue

Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi hutoka ardhini na kukimbilia mwanga. Nyumba zenye taa za kuzama kwenye dari ya jipsamu huwa na mtihani wao: asubuhi mabawa yamenasa pembezoni mwa taa, na wadudu waliokauka wamejikusanya nyuma ya kioo. Wengi wao hawakupitia dirishani. Waliingia penye uwazi kati ya mabati na ukuta, wakatambaa juu ya dari, kisha wakafuata mwanga unaopenya kwenye tundu la taa lililokatwa kubwa kupita kiasi.

Hapo ndipo kosa la hatari hufanyika. Mwenye nyumba hupanda darini na kuifunika taa kwa kitambaa, boksi la karatasi au chupa ya plastiki iliyokatwa. Wadudu hupungua kweli, lakini joto hukosa pa kutokea.

Taa ya LED haichomi mkono kwa mbele, ndiyo maana tunaiamini kupita kiasi. Joto lake hutokea nyuma, kwenye mapezi ya alumini. Kifaa chake cha kuendeshea umeme kina kapasita ambazo umri wake hupungua kwa takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Chini ya mabati saa saba mchana, hewa ya darini tayari inafukuta. Kwa taa za zamani za halojeni za wati 50, kitambaa hicho kinaweza kushika moto.

Pamba ya kuzuia joto, ambayo baadhi ya wajenzi wetu sasa wanaitandaza juu ya dari, inahitaji uangalifu uleule. Pamba ya kioo yenyewe haishiki moto kirahisi, ila hulifungia joto la taa. Uingereza, ambako pamba ya darini hufikia unene wa milimita 270, taa huvishwa kofia maalumu isiyoungua, inayoizuia pamba isiiguse taa. Nyaya nazo zipitishwe juu ya pamba, kwa sababu waya uliofukiwa hubeba umeme kidogo kuliko uwezo wake wa kawaida.

Kwa hiyo zuia wadudu chini, kwenye ukingo. Tundu lilingane na kipimo cha taa, na kati ya fremu na jipsamu iwepo pete ya raba. Palipokatwa vibaya pazibwe kwa jipsamu kabla ya taa kurudishwa. Matundu ya hewa ya paa yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo: hewa ipite, mdudu abaki nje. Barazani, mwanga wa manjano wa Kelvini 2700 hadi 3000 huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe wa 6500.

Dukani, soma boksi. Alama ya IP65, ya kinga dhidi ya vumbi na maji, mara nyingi inahusu uso wa taa tu, si mgongo wake. Tafuta maelezo yanayosema kama taa inaruhusiwa kufunikwa na pamba; yasipokuwepo, usiifunike.

Kazi hii apewe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na swichi kuu izimwe kwanza. Kabla hajafunga dari, mwombe akuonyeshe mgongo wa kila taa. Ukiona kitambaa, boksi au pamba imeigusa, usimlipe mpaka aiondoe.