Pendo la Mungu Halitenganishi Ndugu

Ni nadra kupita Jumapili kanisani bila kutajwa fundisho la kwamba Mungu ni pendo. Watoto hulikariri katika mafundisho ya ubatizo, maarusi huhubiriwa siku ya ndoa yao, na wafiwa hufarijiwa nalo makaburini. Lakini neno linalotajwa kila siku huweza kuzoeleka hata likapoteza uzito wake. Yafaa basi kila mwamini ajiulize: pendo hilo lina kazi gani katika maisha yake, na tumaini analolipata humo litamshikilia kwa kiasi gani siku ya taabu?

Imani ya Kikristo hufundisha kwamba pendo la Mungu hutangulia. Mwanadamu halinunui kwa matendo mema, wala halirithi kwa ukoo, kabila au cheo. Hupewa bure, na kwa kuwa amepewa bure, hana haki ya kumpimia jirani yake kwa kibaba. Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka wake kwa Warumi, anayataja mambo yanayomtisha mwanadamu, kama vile dhiki, njaa na upanga, kisha anaeleza kwamba hakuna hata moja liwezalo kumtenga mwamini na pendo la Mungu. Hapo ndipo lizukapo swali la pili: mtu asiyeweza kutengwa na Mungu, atakubalije kutengwa na ndugu yake?

Katika nchi za Maziwa Makuu swali hilo limewahi kuulizwa kwa mtutu wa bunduki.

ALFAJIRI YA BUTA

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, nchi hiyo ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wahutu na Watutsi waliokuwa wakichota maji katika kisima kimoja wakaanza kukimbiana, na hofu ikaingia hata mashuleni. Lakini katika seminari ndogo ya Buta, jimbo Katoliki la Bururi, kusini mwa nchi, vijana wa pande zote mbili waliendelea kusoma, kula na kulala pamoja. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwataka wayafumbie macho mambo yaliyokuwa yakitokea. Aliwapa nafasi ya kuyazungumza waziwazi, hata yale yaliyouma. Kisha wakasali pamoja, wakaimba na kucheza pamoja.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari hiyo. Waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Amri hiyo haikuhitaji kufafanuliwa: upande mmoja ungeachwa hai. Walionusurika wamesimulia kwamba vijana wale walikataa kutengana. Ndipo wavamizi walipowafyatulia risasi na kuwatupia mabomu ya mkono. Vijana 40 waliuawa, Wahutu kwa Watutsi, wakazikwa pale pale Buta, kaburi kando ya kaburi. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini Burundi lilianza rasmi hatua za kuomba watambuliwe kuwa mashahidi wa imani.

MWANAMKE WA GISENYI

Miaka mitatu kabla ya hapo, katika nchi jirani ya Rwanda, mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kutoa jibu kama hilo. Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyejiweka wakfu kwa utumishi wa Kanisa, alikuwa akiongoza kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi Aprili 1994, aliwaficha waliokuwa wakiwindwa, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili aokoke. Félicité alimwandikia barua ya kumshukuru, akamweleza kwamba alikuwa na watu 43 mikononi mwake, na kwamba alichagua kufa nao kuliko kuokoka peke yake. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Ni haki pia kusema ukweli mchungu. Katika nchi hizo mbili, wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua nao walikuwa wamebatizwa. Nchini Rwanda, makanisa ya Nyamata na Ntarama, ambamo watu walikimbilia wakidhani watasalimika, yaligeuka machinjio. Kubatizwa na kujua nyimbo hakukutosha. Pendo la Mungu halikuwazuia wale walioliacha mlangoni mwa kanisa kila walipotoka.

TUMAINI LA NAMNA GANI?

Wapo wasemao kwamba pendo lisilomwokoa mtu na risasi lina faida gani. Mkristo hujibu kwamba tumaini lake halikuwa ahadi ya kutopatwa na mabaya. Kristo mwenyewe aliuawa msalabani. Tumaini hilo husema kwamba kifo hakina neno la mwisho, na kwamba aliyependwa na Mungu hawezi kupotea. Mtu wa namna hiyo hawezi kununuliwa kwa woga. Wenye bunduki waliweza kuchukua uhai wa vijana wa Buta, lakini jambo walilolitaka kwanza, yaani ndugu amkane ndugu, hawakulipata.

Ujasiri huo haukuota usiku mmoja. Ulilelewa kwa miaka, mezani, uwanjani na kanisani. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa hiyo wazazi wana kazi kubwa kuliko wanavyodhani. Mtoto husikiliza yanayosemwa jioni jikoni juu ya jirani wa kabila lingine. Huona nani hualikwa arusini na nani hupitwa. Hujua kama baba husalimiana na yule waliyegombania naye mpaka wa shamba. Dharau anayoisikia leo kama mzaha, kesho ataifanya sheria. Na nyumba ambayo husali usiku ikimtaja kwa jina yule waliyekosana naye, kisha asubuhi ikampelekea chumvi au moto, humfundisha mtoto pendo la Mungu kuliko hotuba nyingi.

Wengi hawatasimama kamwe mbele ya bunduki. Lakini kila mmoja huambiwa, kwa maneno laini zaidi, kazini, sokoni na msibani, ajitenge na fulani kwa kuwa si mwenzake. Jibu atakalolitoa hapo ndilo litakaloonyesha kama pendo analoliimba Jumapili limekwisha kuingia moyoni mwake.