Je, Wajua? Wati 100 Zinaingia, 1 Inatoka

Je, wajua kwamba spika ya kawaida ukiipa wati 100 za umeme, inayotoka kama sauti ni wati 1 hivi? Zile 99 zote huishia kuwa joto! Sanduku lako jeusi la ukutani ni pasi inayopiga kelele.

Wala usiidharau hiyo wati 1. Watu 100,000 wakisogoa kwa sauti ya kawaida, nguvu ya sauti zao ukiijumlisha inafika kama wati 1 tu. Uwanja wa Benjamin Mkapa ufurike watu 60,000, wote waongee kwa pamoja, bado hujaipata!

Unadhani amplifaya ya wati 200 inapiga mara mbili ya ile ya 100? Wapi! Unaongezewa desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia, ila haitakushtua. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati 1,000. Mfuko wako una habari?

Sasa tazama honi zile za mdomo mpana juu ya mnara wa msikiti. Honi nzuri ikipewa wati 1 hufikia desibeli 110 ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya sanduku yenye desibeli 90 kwa wati 1 itadai wati 100 ili kuikuta hapo. Ndiyo maana mhubiri wa stendi anawika kutwa kwa betri ya gari, na wewe kwenye basi huna pa kujificha.

Je, wajua kwamba kuongeza spika ni kuizidishia amplifaya mzigo, hata kama mwanzoni ilikuwa imestarehe? Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4, na nne huwa omu 2; omu zikipungua, mzigo unazidi. Kama mgongoni mwa amplifaya pameandikwa kikomo ni omu 4, zile nne zinaiua. Ukiifunga kwa mtindo wa briji, yaani pande zake mbili zisukume spika moja, ndiyo balaa kabisa, kwani kila upande wake huiona spika ya omu 8 kana kwamba ni ya omu 4.

Umepima spika ya omu 8 kwa mita, ukapata 6? Usiirudishe dukani, ni nzima! Mita hupima kwa umeme wa betri, ilhali muziki ni umeme wa kwenda na kurudi, na huo hukutana na ukinzani mwingine.

Haya, swali la mtego: shule inawezaje kufunga spika 20 kwenye waya mmoja na amplifaya isiungue? Jibu ni laini ya volti 100. Amplifaya hupandisha volti, kisha kila spika huzishusha kwa transfoma yake ndogo. Hapo huhesabu omu hata moja, unajumlisha wati tu: spika 20 za wati 10 ni wati 200, basi nunua amplifaya ya 250 ili ibaki na nafasi ya kupumua. Igeuze spika yenyewe uone: nyuma kuna skrubu au nyaya zilizoandikwa 10W, 5W, 2.5W. Ofisi ya mwalimu mkuu ipe 2.5, uwanja wa gwaride upe 10, na wote wanakula laini ileile! Marekani wao huitumia zaidi laini ya volti 70.

Lakini ole wako uisahau ile transfoma. Spika tupu ya omu 8 kwenye volti 100 ingetaka kuvuta wati 1,250! Ama amplifaya ijizime, ama unuse moshi.

Waya nao una tumbo. Vuta waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 kwa mita 50 hadi kwenye spika ya omu 4, na karibu robo ya nguvu inapotelea njiani. Umbali uleule, waya uleule, laini ya volti 100 yenye mzigo wa wati 100 inapoteza kama asilimia 1 tu. Maajabu hayo!

Je, wajua kwamba amplifaya ya wati 100 inaweza kutoa karibu 200? Ikaze kupita kiasi hadi mawimbi yakatike vichwa, ndipo inapozitoa, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, yenye waya mwembamba kama unywele, ndiyo inayozikwa kwanza. Kile kitaa chekundu chenye neno CLIP hakikuwekwa kwa urembo, bwana DJ.

Na huyo DJ ana mkosi mwingine. Koili ya spika iliyolemewa hupita nyuzi 200 za Selsiasi, na shaba ikipanda joto kwa nyuzi 200 ukinzani wake huongezeka karibu asilimia 80. Sauti inafifia kidogo. Yeye anafanya nini? Anaongeza!

Redio imeandikwa wati 10,000 PMPO? Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 haitakiwi kuvutwa zaidi ya wati 2,990. Hizo nyingine 7,010 zimetoka wapi? PMPO haina kanuni inayokubalika, kila mtengenezaji anajiandikia. Wewe tafuta wati zilizoandikwa RMS.

Mwisho, chomoa spika yako ya sebuleni kwenye amplifaya, kisha chukua betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Gusisha chanya kwenye skrubu nyekundu ya spika na hasi kwenye nyeusi, nukta moja tu. Koni inaruka mbele! Ikirudi nyuma ilhali ya spika ya pili inaruka mbele, nyaya za ndani zimepishana, na hapo ndipo besi yako ilipokuwa ikipotelea siku zote.