Je, Wajua? Nyumba ya Bawabu Iliyofunikwa Vigae Vilivyovunjwa

Kigae kizima hakikufaa!
Langoni mwa Park Güell, jijini Barcelona, zimesimama nyumba mbili za mawe ambazo paa zake zimefunikwa vigae vilivyovunjwa vipande vipande kwanza, ndipo vikabandikwa. Msanifu wake, Antoni Gaudí, hakuwa mtu wa mistari iliyonyooka: paa zimefura na kubonyea kama andazi lililokolea hamira, na kigae bapa hakilali juu ya mgongo wa mviringo. Kikivunjwa, kinalala. Wakatalani, wenyeji wa huko, wanauita ufundi huo *trencadís*, kutokana na kitenzi chao cha kuvunja. Sisi Kiswahili kimeturahisishia, maana kigae ni cha kuezekea na pia ni kipande cha chungu kilichovunjika. Na ukidhani kupamba jengo kwa vitu vya kauri ni ajabu ya Ulaya, nenda Kunduchi, Dar es Salaam, ukatazame makaburi ya kale yaliyopachikwa sahani za Kichina.

Bawabu alilinda mtaa usiokuwepo
Kazi ilianza mwaka 1900. Tajiri Eusebi Güell alitaka mtaa wa kifahari wenye viwanja kama 60, juu ya kilima kilichoitwa Mlima Kipara kwa ukame wake. Nyumba moja kati ya hizo mbili za langoni ikawa makazi ya bawabu. Ikajengwa barabara, ukajengwa ukuta, wanunuzi wakasubiriwa… hadi ujenzi ulipokoma mwaka 1914, nyumba za mtaa zilizokuwa zimesimama ni mbili tu! Moja aliinunua Gaudí mwenyewe, akaishi humo karibu miaka 20. Mwaka 1926 pakawa bustani ya umma, na 1984 UNESCO ikapaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Biashara ilikufa, lango likapata umaarufu.

Mawe hayakutoka mbali
Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya kilima hichohicho, hayakulainishwa. Ukitazama kwa mbali, unaona jabali la kahawia lililovikwa kofia ya rangi. Hapo ndipo ulipo utamu wa Art Nouveau, mtindo uliopenda jengo lionekane kama limeota lenyewe: wengi wakiitazama paa ya bawabu wanaona uyoga.

Mnara wa drafti na chumba cha simu
Nyumba ya pili ilikuwa na sebule ya wageni na kibanda cha simu, anasa kubwa enzi zile. Juu yake kuna mnara mwembamba wa miraba ya buluu na nyeupe, mithili ya ubao wa drafti, wenye msalaba wa mikono minne kileleni. Utokee upande wowote, unauona msalaba huo.

Jina la Kiingereza ukutani
Wakatalani huandika *Parc*, lakini mosaiki za ukutani zinasema *Park*. Güell alikuwa amevutiwa na vitongoji vya bustani vya Uingereza.

Geti limehamia
Majani ya chuma kwenye geti kuu, yaliyochanuka kama vidole, ni ya mti mfupi wa jamii ya mkoche. Hayakutengenezwa kwa ajili ya hapo. Yalitoka kwenye uzio wa Casa Vicens, nyumba ambayo Gaudí aliijenga kati ya 1883 na 1885. Geti lina umri mkubwa kuliko ukuta wake.